Korongo limekata shamba langu Matombo na maji yanatokea juu kwa mjomba, naanzia wapi?

Mpwa_wa_Matombo

Wakuu habari za leo, naombeni msaada wenu maana hapa nilipo nimeshika kichwa.

Nina shamba la heka mbili huku Matombo, Morogoro vijijini, ni la ukoo wa mama, nilikabidhiwa baada ya bibi kufariki. Ni mteremko kwelikweli, yani ukidondosha chungwa kule juu unaenda kuliokotea mtoni. Juu nalima mahindi na kunde, katikati mihogo, chini kabisa kuna migomba. Masika ya mwaka juzi niliona kamfereji kamepita katikati ya mihogo, upana wa kiganja tu, nikakaruka nikaendelea na palizi. Mwaka jana kakawa kananifika magotini. Mwaka huu ilipiga mvua usiku mmoja toka saa nne mpaka alfajiri, kulivyokucha nikaenda kuangalia nikakuta korongo, nikiingia linanifika kifuani, mihogo imebaki inaning'inia pembeni mizizi nje, na udongo wote umeenda kulala kwenye migomba, mingine imefunikwa mpaka nusu ya shina. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa siku tatu nzima. Iliniuma sana, ule udongo mweusi bibi aliutunza maisha yake yote.

Nilichofanya mpaka sasa: nilijaza mchanga kwenye magunia nikapanga ndani ya korongo, mvua ya wiki iliyofuata ikayapitia pembeni ikayaangusha yote. Halafu kuna jamaa mmoja alijitambulisha kuwa mtaalam, akaangalia kwa macho tu, akanichimbia mfereji wa kutoa maji unaoshuka moja kwa moja mpaka mtoni, nikamlipa laki mbili. Huo mfereji saa hizi ndo umekuwa tawi la pili la korongo.

Tatizo lingine, maji mengi yanatokea juu kwa mjomba wangu. Yeye anachoma majani yote kabla ya kulima na anapanda mistari ya kushuka na mlima. Nikimgusia habari ya matuta anasema "hayo mambo ya mkoloni shambani kwangu sitaki", mazungumzo yanaishia hapo. Na mnajua huku kwetu mjomba ndo mwenye ukoo, siwezi kubishana naye.

Sasa nianze na nini? Nizibe korongo kwanza au nitengeneze matuta? Vuli inakuja na hela sina nyingi.

dada_wa_Soni

Pole sana kaka angu. Mimi ni wa Lushoto, mashamba yetu pia yamesimama kama ukuta, kwa hiyo nakuelewa.

Kitu cha kwanza, achana na mtu yeyote anayepima mteremko kwa macho. Macho yanadanganya mlimani, sehemu unayoiona iko sawa kumbe inashuka. Tengeneza fremu A mwenyewe, haina gharama. Miti miwili iliyonyooka ya urefu wa mita mbili na kitu, ifunge juu zikutane kama herufi A, miguu ya chini iachane mita mbili, katikati unafunga mti wa kulala. Juu pale unapofungia unaning'iniza kamba yenye jiwe, jiwe lishuke chini kidogo ya ule mti wa kulala. Kupata alama ya katikati: simamisha fremu mahali, piga vigingi miguu ilipokanyaga, weka alama kamba ilipogusa mti wa kulala, halafu igeuze mguu wa kulia ukanyage pa kushoto na wa kushoto pa kulia, weka alama tena. Katikati ya hizo alama mbili ndo usawa wako. Sasa unatembea nayo shambani mguu kwa mguu, kila kamba ikitulia katikati unapiga kigingi. Fanya siku isiyo na upepo, upepo unasumbua jiwe linacheza tu.

Ukimaliza mstari mmoja utashangaa, unapinda pinda kama nyoka kumbe ndo usawa wenyewe. Usiunyooshe sana ili upendeze.

Kwetu kulikuwa na mradi wa SECAP ulioanza 1981, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani, Wajerumani walikuwa wanausaidia. Mama alikuwa kwenye kikundi. Alichofanya hakuchimba hata shimo moja, alipima mistari kwa fremu A akapanda majani ya guatemala kwenye kila mstari, mistari miwili miwili kama zigizaga. Kila ukilima udongo unashuka kidogo unakutana na majani unakaa hapo. Baada ya miaka kadhaa ngazi zikajitengeneza zenyewe bila jembe, leo ukisimama shambani kwa mama kuna sehemu ukingo unanifika kiunoni. Na majani alikuwa anakata analisha ng'ombe wa ndani, samadi inarudi shambani.

Kwa hiyo kama hela hamna anza na majani.

kijana_wa_kilimo

panda vetiva mkuu, yale majani ya kuzuia mmomonyoko, tatizo linaisha, mizizi inashuka mpaka mita 3

bwanashamba_mstaafu

Kijana wangu, nimefanya kazi ya ugani milimani kwa muda mrefu sasa nimepumzika, naomba nikueleze kwa kirefu kidogo, usichoke kusoma.

Korongo lilianzia juu, hapo chini unaona matokeo tu. Ukiziba korongo huku maji bado yanakuja kwa wingi ule ule, unapoteza nguvu, na magunia yako yamekuonyesha. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza punguza maji yanayoingia kwenye kichwa cha korongo, pili tuliza shamba lenyewe, tatu ndo uingie korongoni.

Na hata kabla ya korongo kuna wizi mwingine ambao hauonekani. Tone kubwa la mvua linashuka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, likipiga udongo uliochomwa majani, ulio uchi, linaupasua vipande vidogo vinaruka, ule vumbi laini unaziba vitundu vya ardhi, maji yanakosa pa kuingia yanaanza kutembea juu. Ndo maana shamba lililofunikwa majani makavu maji yake yanatoka meupe na la jirani yake yanatoka mekundu, mvua ile ile. Tena piga hesabu: heka moja ikipoteza udongo unene wa milimita moja tu, yani hata ukucha haufiki, ni kama tani tano. Mkulima haoni. Anaona mahindi yanazidi kuwa mafupi mwaka hadi mwaka anadhani mbegu zimechuja.

Sasa kazi. Juu kabisa ya shamba lako, mpakani na mjomba, chimba mfereji wa kukinga maji unaokata mteremko, usishuke nao kama alivyofanya huyo aliyekula laki mbili zako. Mfereji huo uinamie kidogo sana upande mmoja, nusu mita kwa kila mita 100, ili maji yatembee taratibu. Kwa fremu A ya dada wa Soni yenye miguu ya mita mbili, funga kibao cha unene wa sentimita moja chini ya mguu wa mbele, ukipima na kamba ikikaa katikati ujue ardhi imeshuka sentimita moja kwa mita mbili, ndo kipimo chenyewe. Na muhimu kuliko vyote, maji hayo unayapeleka wapi. Tafuta sehemu yenye mawe au majani mazito yasiyolimwa, au kijito cha asili. Kama hamna, otesha majani kwanza, subiri yashike, ndipo uchimbe mfereji. Nimeona mashamba mengi yakiharibiwa na mfereji uliochimbwa vizuri ukamwagiwa mahali pabaya, na ugomvi wa majirani juu yake.

Korongo: vizuizi vidogo vidogo vingi. Usijenge kimoja kikubwa. Mawe au fito zilizosukwa. Kila kizuizi kiingie kwenye kingo za pembeni kama nusu mita kila upande, na katikati pawe chini kuliko pembeni. Magunia yako naamini uliyapanga sawasawa juu, au katikati palikuwa juu zaidi, ndo maana maji yakakimbilia kingo yakazila. Chini ya kila kizuizi panga mawe bapa maji yadondokee hapo yasichimbe. Umbali wake: kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kizuizi cha juu yake. Kwenye mteremko wako vitakuwa karibu karibu, usiogope. Nyuma yake udongo utajaa, hapo unapanda migomba au matete.

Kijana wa vetiva, hujakosea, vetiva ni nzuri, ikipandwa sentimita 10 mpaka 15 kati ya shina na shina inakuwa ukuta, haisambai ikawa gugu. Ila yenyewe bila kupima kontua, yani mistari ya usawa inayokata mteremko, ni kazi bure, na kwa mtu mwenye mbuzi au ng'ombe guatemala inamlipa zaidi. Matete yasogezwe mbali na mahindi, yananyonya sana.

Mkamba_wa_Mua

Hamjambo. Mimi ni wa Machakos huku Kenya na hii mambo ya materesi, yaani ngazi za shamba, ndio maisha yetu. Pole ndugu.

Huku tunatumia fanya juu. Unachimba mtaro kwa kontua, upana futi mbili na kina futi mbili, na udongo wote unaurusha upande wa juu, ndio jina likatoka hapo. Unaacha nafasi kidogo kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Juu ya tuta unapanda nepia ama nyasi yoyote ya ng'ombe, ndani ya mtaro watu wanapanda ndizi ama mapapai kwa sababu unyevu unabaki. Miaka ikienda, udongo unajaa nyuma ya tuta, kila mwaka unainua tuta kidogo, shamba linakuwa ngazi lenyewe.

Ukitaka kujua teresi ya pili iwe umbali gani, simama chini ya teresi ya kwanza, teremka ukiwa unaitazama mpaka macho yako yalingane na ile ardhi uliyotoka, hapo ndio unapima nyingine. Mteremko ukiwa mkali utapata ziko karibu, ukiwa pole ziko mbali. Mzee wetu alinifunza hivyo na afisa wa kilimo alipokuja na vifaa vyake hawakupishana sana.

Watu huona Machakos leo na hawaamini ya kwamba miaka ya 1930 serikali ya mkoloni ilikuwa inaandika ripoti kwamba hii nchi imekwisha, mawe matupu. Wakalazimisha watu wachimbe. Nyanya yetu alikuwa akisema walichimba wakiwa wanalia, na uhuru ulipokuja wengi waliwacha. Lakini baadaye watu wakarudi kuchimba wenyewe, kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani, leo kwako kesho kwangu, na nyimbo. Shamba moja watu ishirini wanamaliza asubuhi. Peke yako utachoka uwache katikati, na teresi nusu ni mbaya kuliko kukosa kabisa kwa sababu maji yote yanapata mlango mmoja.

bwanashamba_mstaafu

Ndugu wa Machakos asante, umesema kweli tupu. Ila niweke tahadhari moja kwa kijana wetu. Machakos mvua ni chache, mtaro unaokusanya maji ni baraka. Matombo iko upande wa mashariki wa Uluguru, upepo wa bahari unamwaga mvua hapo, ni nyingi mno. Ukizuia maji yote kwenye mteremko mkali wenye udongo usio na kina, ardhi inalewa maji na inaweza kuporomoka yote kwa pamoja na hayo matuta. Upande wa pili wa mlima, Mgeta, Februari 1970 ilinyesha mvua ya kama milimita 100 kwa saa chache, yakatokea maporomoko zaidi ya 1000. Na karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na sehemu za majani, ndani ya msitu yalikuwa machache sana. Mizizi mirefu ndo iliyoshika.

Kwa hiyo sehemu yako ya juu iliyosimama sana usichimbe fanya juu. Weka mistari ya majani na miti. Huko kwenu karafuu, mdalasini na pilipili manga vinakubali vizuri, miti hiyo inashika mlima na inakupa hela. Fanya juu iweke pale mteremko unapolainika, tena mitaro uipe huo mwinamo wa sentimita moja.

Mmatengo_halisi

Naomba na mimi nichangie wakuu, nashangaa hakuna aliyetaja ngoro.

Sisi Mbinga tunalima milima mikali kuliko hiyo na makorongo hatuna kiasi hicho, na hii kitu hatukufundishwa na mradi wowote, ni ya wazee wetu, wanasema walivyobanwa milimani wakati wa vita na Wangoni ikabidi wajue kuishi na mteremko. Inakuwa hivi: mwisho wa masika majani yakiwa marefu wanaume wanafyeka, yanakauka kidogo, tunayapanga chini kwa mistari inayokatana, inakuwa kama miraba ya daftari la hesabu. Halafu akina mama wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba wanafukia yale majani. Unabaki na mashimo shamba zima na kingo nne nne zimeyazunguka, kingo ndani yake kuna majani yanaoza. Maharage yanapandwa kwenye zile kingo, msimu unaofuata ni mahindi. Mvua ikinyesha kila shimo linapokea maji yake lenyewe, hayapati nafasi ya kukusanyika yakawa mto. Na udongo unaotoka kwenye ukingo unaangukia shimoni, mzunguko mwingine shimo la zamani linageuka kuwa ukingo.

Kazi ni kubwa sikudanganyi, mama yangu mgongo wake ulichakaa kwa ngoro. Lakini majani hayachomwi kwetu, ukimchomea mtu majani yake yaliyofyekwa ni kama umemchomea ghala.

Mpwa_wa_Matombo

Jamani asanteni sana, sikutegemea kupata vitu vya namna hii. Nimeandika yote kwenye daftari.

Mzee bwanashamba shikamoo. Maswali mawili. Nikichimba, si ule udongo mweusi unaenda chini na mwekundu unakuja juu? Maana sehemu niliyochimbiwa na yule jamaa, pale udongo ulipomwagwa hata magugu hayajaota mpaka leo. La pili ni mjomba. Hata nikichimba mfereji mpakani, kama yeye anaendelea kuchoma na kulima kwa kushuka, mfereji si utajaa msimu mmoja?

bwanashamba_mstaafu

Marahaba kijana wangu. Umeuliza swali ambalo ndilo lenyewe, na maswali yako mawili jibu lake ni moja.

Huko kwenu miaka ya 1950 Waingereza walileta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, wakalazimisha kila mlipa kodi achimbe ngazi. Ngazi zile zilikatwa kwenye udongo usio na kina, rutuba ikafukiwa, udongo mwekundu usio na chakula ukaja juu. Watu walichimba kwa amri, wanapanda, mahindi yanatoka ya njano. Wasiochimba wanatozwa faini. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa, vurugu zikatokea, mtu akauawa, na mpango ukafa. Mgeta kule kwenye mboga na samadi ngazi zilikubali na mpaka leo wanalima juu yake, lakini Matombo kilichobaki ni machungu. Sasa mjomba wako ana umri gani? Kama ni mtu wa sabini na kitu kwenda juu, basi anapokwambia "mambo ya mkoloni" usidhani ni ukaidi wa mzee, anakwambia alichokiona shambani kwa mama yake. Na alichokiona ni kweli.

Kwa hiyo ukichimba popote: udongo wa juu, ule mweusi, utoe kwanza uuweke pembeni peke yake. Chimba udongo wa chini utengenezee tuta. Ukimaliza rudisha mweusi juu pale utakapopanda. Inaongeza kazi, lakini ndo tofauti ya kuvuna na kutovuna. Na pale kwenye udongo mwekundu wa yule jamaa weka samadi na upande mbaazi kwanza, usipande mahindi utajivunja moyo.

Tena Waluguru walikuwa na namna yao ya zamani, wanalima kwa vijingazi vidogo, magugu yanalazwa kwa mstari kukata mteremko na kufukiwa na udongo. Bibi yako nadhani alikuwa analima hivyo, ndo maana ulikuta udongo mweusi. Muulize mjomba.

Mrangi_wa_Kolo

Nimesoma hii mada nikakumbuka kwetu Kondoa. HADO ilianza 1973, kuhifadhi ardhi Dodoma, makorongo ya kwetu mtu na ng'ombe wake wanapotea ndani. 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, kilometa za mraba 1256, ng'ombe, mbuzi, punda, kila kitu. Baba alihamisha ng'ombe kwa shemeji yake mbali huko. Ni kweli majani na miti ilirudi, korongo nilizocheza utotoni leo zina vichaka na chini yake wanalima miwa. Lakini watoto walikosa maziwa na samadi ikakosekana, wazee mpaka leo wanaongelea kwa uchungu. Baadaye ndo wakaruhusu ng'ombe wachache wa kufungia ndani.

Ninachotaka kusema mkuu, mjomba wako usimfungulie kesi wala usimpeleke kwa mtendaji. Mnakunywa maji kisima kimoja.

dada_wa_Soni

Kweli kabisa. Tena kaka usiende na daftari. Nenda na jembe, umsaidie palizi siku mbili, siku ya tatu ndo uongee.

Mpwa_wa_Matombo

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu zimepita, samahanini kwa kimya, huku mtandao unashikika ukipanda juu kwenye mwembe tu.

Nilifanya kama dada wa Soni alivyosema. Nilienda kwa mjomba na mke wangu, tukalima naye siku tatu, sikugusia kitu. Siku ya tatu jioni tumekaa tunakula mihogo ya kuchemsha nikamuuliza, mjomba eti zamani bibi alikuwa analima vipi hili shamba kabla ya mihogo. Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kuongea mwenyewe mpaka giza likaingia. Ana miaka 78. Anasema alikuwa mdogo hajaanza shule, mama yake yani bibi yangu alichimba ngazi akiwa na mimba, hazikufika urefu uliotakiwa akatozwa faini, wakauza kuku wote. Mwaka huo mahindi yalitoka kimo cha goti. Akanyoosha mkono akanionyesha pale pale zilipokuwa, na mzee bwanashamba, nikiangalia vizuri bado kuna kaukingo kamebaki kwenye nyasi.

Nikamwambia mjomba, huu udongo mwekundu ndo naogopa hata mimi, nataka kujua namna ya kuuacha mweusi juu. Hapo akainuka. Kesho yake asubuhi alinikuta nafunga fremu A akakaa akaniangalia, akasema kamba yangu fupi, akaifungua akaifunga upya. Tukapima mstari wa kwanza pale mpakani, kigingi kwa kigingi, sisi tulidhani maji yanaelekea kulia kwenye mgomba wa mshare kumbe yanaenda kushoto kwenye mawe, na kwenye mawe ndo kuna kijito. Yani yule jamaa wa laki mbili angezunguka hatua thelathini tu angekiona.

Mpaka sasa tumechimba mita 40 za mfereji, udongo mweusi tumeuweka upande wake, vijana sita wa ukoo wanakuja kila Jumamosi nami naenda kwao Jumatano. Vizuizi vya korongo nimejenga vinne vya mawe, katikati nimeviacha chini kama ulivyoelekeza mzee. Na mjomba amesema mwaka huu majani yake hachomi, atayalaza kwa mstari kama mama yake alivyokuwa anafanya, ila matuta shambani kwake bado hataki na mimi sijamwomba tena.

Juzi ilidondoka mvua ya kwanza ya dakika kama ishirini. Nilikimbia nikasimama kwenye mfereji na koti. Maji yalikuja, yakajaa kiasi cha kiganja, yakageuka kushoto taratibu. Kizuizi cha tatu kinavujisha upande wa kulia, naona sikukiingiza vya kutosha kwenye ukingo.

Dada wa Soni, vipando vya guatemala naweza kuvipata wapi karibu na Morogoro mjini, na vinakaa siku ngapi njiani bila kufa? Nahitaji kama vya mita 200, mjomba anataka na vyake.